Saa za kutazama kwa mjomba: namna ya kujifunza udaktari wa meno kwa ndugu, na saa zako zihesabike

Jumatatu usiku tulikuwa mezani, mimi, mjomba na mkewe, tunakula ugali na mchicha, mjomba akaniambia: "Hapa nyumbani mimi ni mjomba wako. Kesho saa moja na nusu asubuhi, ukishavuka mlango wa kliniki, mimi ni Daktari." Nikaitikia. Kesho yake, saa nne hivi, nikamwita "Mjomba" mbele ya mgonjwa aliyekuwa amelala chali, kinywa wazi, anasubiri sindano ya ganzi. Mgonjwa akageuza macho kunitazama, nikaona mabega yake yamekaza. Mtu aliye katika hali ile anataka kujua kwamba kila aliyemo chumbani yuko kazini. Tangu asubuhi hiyo, ndani ya kliniki nilimwita Daktari, hata tulipokuwa wawili tu tunanawa mikono.

Naanza na kisa hiki kwa sababu wengi wetu tulioko Marekani na tunaotaka kusomea udaktari wa meno, mlango wa kwanza unaofunguka ni wa ndugu. Mimi nilizaliwa Usa River, Arusha, nikakulia Columbus, Ohio, na kaka wa mama yangu ni daktari wa meno. Niliulizwa mara nyingi: saa ulizokaa kwa mjomba zinahesabika? Zinahesabika. Ila ukizichukua ovyo zitakuangusha, na ukizichukua vizuri zitakupa kitu ambacho daktari asiye ndugu yako hatakupa.

Kwa walioko nyumbani nieleze kidogo. Tanzania, mhitimu wa kidato cha sita mwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia huomba moja kwa moja shahada ya udaktari wa meno pale Muhimbili, na hakuna anayemuuliza kama aliwahi kusimama karibu na kiti cha daktari. Marekani unasoma kwanza chuo, kwa kawaida miaka minne, unafanya mtihani wa DAT, ule wa kuingilia vyuo vya udaktari wa meno, kisha unapeleka maombi kupitia mfumo mmoja uitwao AADSAS (vyuo vya umma vya Texas vina wake, TMDSAS). Ndani ya fomu hiyo kuna sehemu ya kuandika saa ulizokaa kama kivuli cha daktari wa meno: umesimama, unatazama, hugusi. Idadi inayotajwa sana ni saa 100, ingawa kila chuo kina maneno yake, vingine vinataja idadi na vingine havitaji. Soma ukurasa wa kila chuo unachokitaka kabla hujapanga chochote.

Kuomba nafasi

Usimtume mama. Mimi nilimtuma. Alimpigia kaka yake, wakazungumza robo saa habari za shamba na za bibi, mwisho akasema, "Na mtoto anataka kuja kukutazama huko kazini." Mjomba akakubali papo hapo, kwa sababu dada akiomba kaka hakatai. Lakini kliniki ile si yake peke yake, ana mwenzake, na huyo mwenzake alisikia habari zangu siku ileile niliyofika. Nilipokelewa kwa adabu, lakini nilielewa kuwa nimeingia nyumba ya mtu bila hodi.

Kwa hiyo mwandikie mwenyewe. Baadaye, nilipotaka kurudi kwa mara ya pili, nilimwandikia hivi:

"Shikamoo mjomba. Naomba nafasi ya kuja kukutazama ukifanya kazi, Jumanne na Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi hadi saa saba mchana, kwa wiki nne za Juni, kama itakufaa wewe na mwenzako. Nitakuja na cheti cha chanjo, na nitasaini fomu ya kutunza siri za wagonjwa. Kama haiwezekani, niambie tu. Mama hajui bado, na sitamwambia kabla hujanijibu."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito. Inampa ndugu yako nafasi ya kusema hapana bila ukoo mzima kujua. Na kama ameajiriwa, hana kliniki yake, ruhusa si yake kutoa. Muulize ni nani anayeitoa na umwandikie huyo pia.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ianze mapema. Kwa kawaida ni sindano tatu ndani ya miezi sita, kwa hiyo ukiikumbuka Mei kwa ajili ya Juni umechelewa. Sehemu nyingine hutaka na kipimo cha kifua kikuu. Vaa viatu vilivyofunika vidole, funga nywele, acha manukato nyumbani. Kula kabla ya kwenda: harufu ya jino linalosagwa huku una njaa imewaangusha watu chini. Ukianza kuona giza, kaa hapohapo sakafuni, usijikaze.

Mahali pa kusimama

Jambo hili sikuwa nimelisikia popote mpaka msaidizi wa mjomba aliponishika bega akanisogeza. Chukulia kichwa cha mgonjwa kipo katikati ya uso wa saa ya ukutani, namba 12 ikiwa juu ya utosi. Daktari anayetumia mkono wa kulia hukaa upande wa kati ya namba 7 na 12. Msaidizi hukaa kati ya 2 na 4. Pale kati ya 4 na 7, juu ya kifua cha mgonjwa, ndipo vifaa vinapopokezanwa mkono kwa mkono, sindano ikiwemo. Usiingize kichwa wala mkono hapo. Mahali pangu palikuwa nyuma ya bega la msaidizi, hatua moja. Unaona kinywa vizuri, na husikii mtu akikuambia "samahani" kila dakika.

Kwa ndugu kuna kishawishi ambacho kwa daktari mwingine hakipo. Siku ya tatu msaidizi alichelewa, na mjomba, bila kufikiri, akaniambia, "Shika mpira huu wa kunyonya mate." Nilishika labda sekunde tano, akaniondolea mwenyewe, akasema, "Hapana, nimekosea. Weka chini." Jioni akanieleza: leseni ni yake, bima ni yake, na mgonjwa aliridhia kutazamwa, hakuridhia kuguswa na mwanafunzi. Nyumbani mjomba akisema shika unashika, lakini kwenye kiti cha mgonjwa una haki, tena una wajibu, wa kujibu kwa heshima: "Daktari, mimi ni mtazamaji tu."

Hilohilo ulibebe ukienda likizo nyumbani. Mama yangu mdogo ni tabibu wa meno Moshi, na nilikaa kwake siku nne. Kule foleni ni ndefu, mikono ni michache, na mtu mwema kabisa anaweza kukupa koleo akidhani anakusaidia. Kataa. Kinywa cha mtu wa Moshi si mahali pa kujifunzia kwa kuwa tu hakuna anayekukataza, na chuo kikisoma kwamba uling'oa jino kabla hujasoma, kitaona hatari ulipodhani kitaona bidii. Saa zile niliziandika peke yake, kama saa za Tanzania, wala sikuzifanya msingi wa maombi yangu.

Siri za watu unaowajua

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ndugu anapotofautiana kabisa na daktari mgeni. Wagonjwa wa mjomba wako wanamjua mama yako. Wengi wanakuja kwake kwa kuwa anaongea Kiswahili, wanasali naye, wanakutana naye kwenye michango ya harusi. Asubuhi moja aliingia mama mmoja niliyezoea kumwamkia tangu nina miaka tisa. Mjomba alimtuma msaidizi akamuulize kando, mimi sipo, kama ananiruhusu kubaki. Alikubali. Nikajua kuhusu kinywa chake jambo ambalo hata watoto wake hawalijui.

Sheria inayolinda siri hizo inaitwa HIPAA, ya mwaka 1996, na fomu niliyosaini inaitaja. Lakini sheria haikuandaliwa kwa ajili ya sebule ya mama yangu. Jioni ile mama aliniuliza tu, kwa nia njema, "Leo umewaona nani?" Nikamjibu, "Nimeona meno, mama." Hakupenda, na nilirudia jibu lilelile kila siku mpaka akaacha kuuliza. Wiki mbili baadaye nilikutana na yule mama kwenye sherehe ya kumfunda bibi harusi. Aliniangalia sekunde moja zaidi ya kawaida. Nikamwamkia shikamoo kama siku zote, nikampokea sahani aliyoibeba, nikaendelea na njia yangu. Ukiona hutaweza hilo, usiombe kwa ndugu anayetibu jamii yenu, omba mbali.

Na kuhusu kutafsiri. Siku nyingine aliletwa mama kutoka Kongo, Kiingereza hana, na mjomba yuko chumba kingine. Daktari mwenzake akaniomba nimweleze habari za kung'oa. Nilimsalimia yule mama na kumkalisha, lakini nikaomba mkalimani wa simu aitwe. Kiswahili chake na changu vinapishana: sikuwa na hakika kama neno "ganzi" linamfikia kama ninavyolimaanisha, na ridhaa ya kung'olewa jino si kitu cha kubahatisha. Mkalimani alipatikana baada ya dakika chache.

Daftari

Andika ukishatoka, usiandike mbele ya mgonjwa. Usiweke jina wala umri kamili. Tarehe, saa uliyoingia na kutoka, kilichofanyika, swali moja ulilobaki nalo. Ukurasa wangu mmoja unasema: "Alhamisi, 1:30 hadi 7:00. Kuziba meno mawili, taji moja la jino, gego la hekima (lile la mwisho kabisa) limeahirishwa kwa sababu shinikizo la damu liko juu. Swali: kwa nini alipima tena baada ya dakika kumi, mkono uleule?" Usiandike "niliona kuziba jino" mara arobaini. Andika kile ambacho siku hiyo peke yake ilikuwa nacho.

Mjomba alisomea Muhimbili kabla ya kuja huku, na kama ilivyo kwa wengi waliosoma nje, alirudi tena darasani zaidi ya miaka miwili ndipo akaruhusiwa kufanya kazi. Aliniambia kilichomsumbua zaidi mwanzoni ni namba za meno. Nyumbani, gego la kwanza la chini kushoto ni namba 36: robo ya tatu ya kinywa, jino la sita. Marekani jino lilelile ni 19, kwa kuwa wao huhesabu moja hadi 32, wakianzia gego la hekima la juu kulia na kuzunguka. Kwa mwezi mzima alikuwa akisema 36 kichwani kabla mdomo haujatoa 19. Nilijifunza namba zote mbili siku hiyo, na daftari langu mpaka leo lina zote mbili.

Maswali ya mezani

Sasa nije kwenye faida yenyewe. Daktari asiye ndugu atakujibu kwa upole na kwa haraka, halafu atamwita mgonjwa mwingine. Ndugu unarudi naye nyumbani. Muulize yale usiyoweza kumuuliza mtu baki: Deni la chuo lilikuwa kiasi gani, na ulilimaliza lini? Shingo na mgongo vinaumaje ifikapo Ijumaa? Ni mgonjwa gani hujamsahau? Uliwahi kuharibu jino?

Nilimuuliza hilo la mwisho tukiwa tunaosha vyombo. Alinyamaza muda. Kisha akanisimulia juu ya mzizi aliousafisha asiufikie mwisho, mgonjwa akarudi amevimba shavu, na namna alivyomwambia ukweli, akampeleka kwa bingwa wa mizizi na kulipa gharama yeye mwenyewe. Alinieleza pia kuhusu watu wazima wanaokuja na jino linalookoleka, lakini bima yao inalipa kung'oa tu. Hapa Marekani, Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, lazima igharimie meno ya watoto. Ya watu wazima kila jimbo linaamua lenyewe. Mjomba hung'oa meno ambayo mikono yake ingeweza kuyaponya, na bado hajalizoea.

Usiku huohuo alinipa kitu kingine. Mimi nina meno ya kahawia. Maji ya kwetu chini ya Mlima Meru yana floridi nyingi, na anayeyanywa utotoni, meno yakiwa yanajiunda, hubaki na alama hiyo. Nilikuwa naziba mdomo kwa kiganja kila nikicheka tangu nifike Ohio. Mjomba akanieleza kwamba Wamarekani nao walikuwa nayo: mwaka 1901 daktari kijana, Frederick McKay, alifika Colorado Springs akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia, akaanza kutafuta sababu. Jibu lilipatikana mwaka 1931: floridi ndani ya maji. Na kwa kuwa McKay aliona meno yale yale ya kahawia hayaozi kwa urahisi, mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukaanza kuongeza floridi kidogo kwenye maji yake. Kitu kimoja, kwetu kimezidi, kwao kiliongezwa kwa kipimo. Insha ya AADSAS ina nafasi ya herufi 4,500 tu, nafasi kati ya maneno zikiwemo, na yangu ilianzia hapo, kwenye mfereji wa Usa River.

Toka nje ya ukoo

Saa za mjomba zisizidi nusu. Zangu ziligawanyika hivi: kwa mjomba 44, kwa daktari wa meno ya watoto 28, kwenye kliniki ya jamii inayohudumia wasio na bima 36, kwa mpasuaji wa kinywa na taya 12. Jumla 120, ukiacha zile za Moshi. Mjomba ndiye aliyenifungulia mlango wa daktari wa watoto, lakini nilimwomba asiseme "ni mpwa wangu, mchukue". Alisema: "Ni mpwa wangu. Amekaa kwangu asubuhi nane, hakuchelewa hata moja. Atakuandikia mwenyewe, umpime." Mengine nilitafuta peke yangu, kwa kupiga simu kliniki moja baada ya nyingine na kukataliwa mara nyingi. Usione haya kukataliwa. Kliniki nyingi hazina hata nafasi ya kiti cha ziada.

Barua ya pendekezo usimwombe ndugu. Hata akuandikie kwa haki kiasi gani, msomaji hatajua aitoe wapi ile sehemu ya damu. Barua yangu ya daktari wa meno ilitoka kliniki ya jamii, kwa mtu aliyeniona miezi mitano, ambaye siku ya kwanza hakujua jina langu.

Kuna jambo ndugu zangu wa rika langu walinishauri, na nililikataa. Mjomba ni wa upande wa mama, kwa hiyo jina lake la ukoo si langu. "Hakuna atakayejua," waliniambia. Ni kweli, kwenye karatasi hakuna ambaye angejua. Niliandika wazi kwenye maelezo ya saa zile kwamba msimamizi ni kaka wa mama yangu. Na kwenye usaili mmoja profesa alinyoosha kidole kwenye mstari huo akauliza: "Umeona nini kwake ambacho asingemwonyesha mtu mwingine?" Nikamsimulia kuhusu mzizi ule na shavu lililovimba, bila jina la mgonjwa. Tulizungumza habari hiyo karibu nusu ya muda wote. Kama ningekuwa nimeuficha undugu, ningekuwa sina ruhusa ya kusema jambo bora kuliko yote niliyojifunza.

Panga haya yote mwaka mmoja kabla ya kuomba. AADSAS hufunguliwa Mei na maombi huanza kupokelewa mapema Juni, na vyuo vingi hujaza nafasi kadiri maombi yanavyofika, kwa hiyo kiangazi cha kuomba si kiangazi cha kutafuta saa. Mimi nilikaa kwa mjomba baada ya mwaka wa pili wa chuo, na kwingine mwaka wa tatu.

Shukrani usitoe kwa bahasha. Nilimfundisha kemia binti yake kila Jumamosi kiangazi kile, na msaidizi wake, ambaye alinifundisha mengi kuliko alivyolazimika, nilimwandikia barua kwa mkono.

Siku ya mwisho nilimpelekea mjomba jedwali la saa asaini. Nilikuwa nimeandika 47. Alivaa miwani, akapitia mstari kwa mstari, akakuta siku tatu nimeongeza saa moja moja, zile tulizokaa chumba cha nyuma tukila na kuzungumza. Akazikata kwa kalamu nyekundu. "Hapo tulikuwa tunakula," akasema. Akaandika 44, akasaini, akaongeza namba yake ya leseni chini, akanirudishia.